Kamera Ndogo, Ndia Nyembamba

Anayetaka kamera ndogo ya kutumia kila siku huambiwa aanze na karatasi ya sifa: megapikseli ngapi, lenzi inavuta kiasi gani, betri inakaa na chaji muda gani. Kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nilikozaliwa na ninakoishi hadi leo, hesabu haianzii hapo. Inaanzia kwenye upana wa ndia, kama tuziitavyo njia zetu, jua la saa saba, chumvi ya bahari, na juu ya yote swali ambalo halimo katika karatasi yoyote ya dukani: picha ikishapigwa, itaonwa na nani? Nimelibeba swali hilo tangu enzi za filamu, na ndilo lililoniongoza kila nilipobadilisha kamera.

Nyanya yangu alikuwa na picha moja tu, ile ya pasipoti aliyopigwa alipokwenda kuhiji. Kizazi kilichomfuata, cha mamangu na shangazi zangu, kilipenda picha sana. Mombasa ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mji wa studio, nyingi zao za Wahindi, na iliyovuma zaidi ilikuwa ya N. V. Parekh, ambaye picha zake za watu wa Mombasa wa kila kabila leo zinatazamwa na wanahistoria wa sanaa. Mwanamke aliingia studio na buibui lake, akalivua ndani, akakaa mbele ya taa na gauni jipya na nywele zilizotengenezwa, kisha akajifunika na kurudi nyumbani. Picha iliingia kwenye albamu, albamu ikaingia kabatini. Ilitolewa walipokuja mashoga na jamaa, ikapita mkono hadi mkono, ikarudi mahali pake. Wote walioiona walijulikana kwa majina. Mgeni alikuwa mmoja tu, mpiga picha mwenyewe, na yeye aliaminiwa kama daktari.

Pale Feri ya Likoni mambo yalikwenda kinyume kabisa. Miaka ya 1990 nilikuwa napita hapo mara kwa mara, na vibanda vya wapiga picha vilikuwa vimejipanga kandokando ya njia ya kwenda kivukoni. Wengi wa wenyewe walikuwa vijana waliotoka bara. Walitundika mapazia yaliyochorwa, maua ya plastiki na mapambo ya kung'aa, na mteja, naye mara nyingi mgeni wa mji, alijipigia picha ya kupeleka kwao ili waone kwamba Mombasa imemkubali. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliwafuatilia wapiga picha hao kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu picha katika pwani yetu kinaonyesha jinsi hamu ya kuonekana na haki ya kutoonekana zilivyokaa jirani katika mji mmoja. Nikiwa msichana sikuwa na maneno hayo, lakini tofauti niliiona kwa macho. Pale Feri picha ilipigwa ili isafiri. Mji wa Kale picha ilipigwa ili ikae.

Kamera ya kwanza ya nyumbani kwetu ililetwa na ami yangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai. Ilikuwa ndogo, ya filamu ya milimita 35, na filamu ya picha 36 ilibidi itoshe Idd nzima. Tulipangwa barazani na nguo zetu mpya, tukaambiwa tusipepese macho. Picha hizo zilipelekwa dukani kusafishwa bila wasiwasi wowote. Lakini siku ya kupamba ilipofika, kamera ileile ilizua mjadala. Asiyejua desturi zetu ajue kwamba kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao: bi harusi amekaa juu ya jukwaa na hina yake na dhahabu yake, wageni wamevua mabuibui, watu wanacheza. Filamu ya shughuli kama hiyo haiwezi kusafishika yenyewe. Lazima ipite mikononi mwa kijana wa dukani ambaye hakuna anayemjua, azitoe picha moja moja mashinani akizitazama rangi. Shangazi yangu mmoja alikuwa akiuliza, "Na huyo naye tumemwalika?" Mara nyingi jibu la swali hilo lilikuwa kuirudisha kamera ndani ya mkoba.

Ndiyo maana nasema kamera ya dijitali, ilipofika kwetu, ilileta jambo ambalo watengenezaji wake sidhani walilikusudia. Mhandisi Steven Sasson alipoiunda ya kwanza katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, mtambo wenye uzito wa kilo tatu na zaidi uliohifadhi picha nyeusi na nyeupe kwenye kanda ya kaseti, swali lake lilikuwa kama picha inaweza kupatikana bila filamu. Wengi duniani walifurahia kuokoa gharama ya filamu. Wanawake wa Mji wa Kale walifurahia kuondokewa na yule kijana wa dukani. Kwa mara ya kwanza picha ya kupamba iliweza kupigwa, kutazamwa na kuhifadhiwa bila kutoka nje ya mlango.

Miaka ile ya katikati ya 2000 niliponunua yangu, nilichagua Canon PowerShot A540, ya megapikseli 6, iliyotoka mwaka 2006. Dukani kulikuwa na nyembamba zaidi na za kupendeza zaidi. Niliitaka hiyo kwa sababu ilitumia betri mbili za AA, zile zinazopatikana katika kila duka, nami nikaiwekea betri za kuchaji tena. Umeme ukikatika usiku wa harusi, kazi haisimami. Tena ilikuwa na tundu la kuchungulia. Jua la Mombasa likiwa utosini, kioo cha nyuma ya kamera kinageuka cheusi, huoni unachopiga, na tundu lile dogo ndilo lililokuwa likiniokoa.

Upungufu wake niliuona Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale. Lenzi yake kwa upana wake wote ilikuwa sawa na milimita 35 za kamera ya filamu, na ndia zetu hazimpi mtu nafasi ya kurudi nyuma. Chukua mlango wa nakshi ambao umesimama mbele yake mita 3, mgongo wako umegusa ukuta wa jirani. Lenzi ya milimita 35 itachukua upana wa mita 3 na kidogo. Ya milimita 28 itachukua karibu mita 4, na hiyo tofauti ndogo ndiyo inayoingiza baraza, na mzee aliyekaa juu yake, na paka wake. Roshani za mbao za juu nazo hazishikiki kwa lenzi nyembamba hata ukilala chini. Mtu akiniuliza leo kuhusu kamera ya hapa kwetu, lenzi inayovuta mbali ndicho kitu cha mwisho ninachokitazama. Mji huu uko karibu nawe kila upande. Anayehitaji kuuvuta kutoka mbali mara nyingi ni yule asiyetaka kuomba ruhusa.

Halafu kuna mwanga. Saa saba mchana upande mmoja wa ndia umeungua kwa weupe na mwingine ni kiza cha kivuli, na kamera ndogo za zamani zililazimika kuchagua kimoja. Sababu ni sensa, kile kipande kinachopokea mwanga. Katika nyingi zao kilikuwa na upana wa milimita 6 hivi kwa kimo cha milimita 4 na nusu. Mwaka 2012 Sony ilitoa RX100, kamera ya kuingia mfukoni yenye sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo la mara nne. Hapo ndipo kamera ndogo iliweza kuona ndani ya kivuli cha baraza bila kuipoteza mbingu, na ndani ya ukumbi wa usiku bila kumulika watu usoni. Megapikseli zote zinazotangazwa kwa herufi kubwa hazina uzito wa jambo hilo moja.

Chumvi na unyevu navyo vina hesabu yake. Lenzi inayotoka na kuingia kwa mota huvuta hewa ndani kila inapotembea, na hewa ya kisiwani imejaa chumvi. Msimu wa kusi, mvua za Aprili na Mei zinaponyesha, kuvu huota ndani ya kioo cha lenzi kama vile kuvu huota kwenye viatu vya ngozi, na ikishaota haifutiki kwa nje. Yangu hukaa ndani ya sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi siitoi mkobani upesi, kwa sababu lenzi baridi ikikutana na hewa yetu inatoa jasho. Kwa anayekwenda baharini kila siku, mvuvi au nahodha wa mashua ya watalii, nampendekezea Olympus TG-6 au mwenzake wa karibuni, TG-7, zinazoweza kuingia maji hadi mita 15 na lenzi zao hazitoki nje. Sensa zao ni ndogo, lakini zitakuwa hai wakati nyingine zimekufa.

Wakati naendelea na hesabu hizo, simu ilifika na kuchukua kila kitu. Mwaka 2010 kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilisambazwa duniani na kampuni za Japani. Kufikia 2023 hazikufika milioni 8. Sina ugomvi na simu. Mchana kweupe inapiga picha nzuri, na kila mtu anayo. Lakini ilirudisha lile ambalo kamera ya dijitali ililiondoa, tena kwa ukubwa wa kutisha. Mahali pa kijana mmoja wa dukani sasa pana makundi ya WhatsApp yasiyo na idadi, na picha ya bi harusi iliyopigwa ukumbini inaweza kufika Muscat na London kabla pilau haijapakuliwa. Katika shughuli nyingi za kike mjini sasa pana wanawake mlangoni wanaokusanya simu au kuzibandika karatasi kwenye lenzi. Wanafanya kazi ya heshima, na ninawaunga mkono moja kwa moja.

Kamera ndogo imerudi kupitia mlango huohuo. Katika shughuli za ukoo wetu simu zinabaki nje na kamera moja inaingia, na mimi ndiye ninayeishika. Niliyonayo ni RX100 III ya mwaka 2014, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Lenzi yake inaanzia milimita 24, na ina tundu la kuchungulia linaloinuka kutoka ndani ya mwili wake unapolitaka. Ina Wi-Fi ya kurusha picha kwenye simu, ambayo huizima kabla ya kuvuka kizingiti. Shughuli ikiisha naitoa memori kadi mbele ya watu na kumkabidhi mamake bi harusi. Picha ni zake, na yeye ndiye atakayeamua ni nani wa kuonyeshwa.

Ndiani ninafuata adabu hiyohiyo. Natoa salamu kwanza, kisha nasema, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha," na akikataa ninashukuru na kupita. Siku hizi sheria nayo iko upande wa adabu: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 Kamishna wake aliitoza faini ya shilingi milioni 1.85 klabu moja ya starehe kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziruhusu. Wanaopita Ndia Kuu wakipiga kila aliyekaa kizingitini wazifahamu hesabu hizo.

Kwa hivyo hukumu yangu kuhusu kamera ya kila siku ni hii. Tafuta yenye lenzi ya milimita 28 au pana zaidi, sensa kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, na tundu la kuchungulia. Usiogope iliyotumika, mradi umeielekeza lenzi kwenye taa na kuchungulia kama ina kuvu. Kisha tenga fedha kidogo kwa kitu ambacho wengi hukisahau: mashine ndogo ya kuchapishia nyumbani. Canon wanazitengeneza kwa jina la SELPHY tangu 2004, zinatoa picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiwa kavu, mezani pako, na hakuna mgeni anayeiona. Chapisha angalau za watu. Nyuma ya kila moja andika jina, mahali na mwaka, kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya upande wa pili na unyevu wetu huuyeyusha.