Chuma Ulete Kutoka Reading

Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyehamia Reading, Uingereza, miaka 17 iliyopita, aliisoma akiwa amesimama jikoni, koti bado mwilini. Kanisa la mtaani kwake liliomba ruhusa ya mzazi ili mwanawe wa miaka 14 ahudhurie jioni ya vijana kuhusu malaika, mapepo na uchawi. Sahihi hapa. Vyakula vinavyomdhuru aandike pale. Watu wazima wawili watakuwemo chumbani muda wote. Akaipiga picha, akamrushia mdogo wake kwa WhatsApp. Jibu lilirudi kwa sauti, likitanguliwa na kicheko: "Dada, huko hata shetani anaombewa kibali?"

Jioni yenyewe ilikuwa na zulia la bluu, pizza, na boksi la viatu lililotobolewa juu. Vijana waliandika maswali bila jina na kuyatumbukiza humo. Mwana wa mama huyo aliuliza: bibi yangu anasema aliwahi kuona jini, je, bibi ni mwongo? Kiongozi, kijana mpole wa sweta, akaiva uso, akasema dunia ina tamaduni nyingi na zote ziheshimiwe. Akachukua karatasi nyingine.

Aliposimuliwa hayo, mama alipandwa na hasira. Mtoto kauliza jini, kajibiwa utamaduni!

Hata hivyo, fomu ile haikuzuka tu. Mwaka 1974, mjini Barnsley, Michael Taylor alikeshewa kanisani usiku kucha akitolewa mapepo. Asubuhi alirudi nyumbani akamuua mkewe. Mwaka uliofuata Kanisa la Anglikana la Uingereza lilitoa mwongozo: huduma hiyo ifanywe na aliyeidhinishwa na askofu, kwa kushirikiana na madaktari, bila matangazo mengi, na aliyeombewa aendelee kuangaliwa. Kisha likaja la watoto wetu wenyewe. Siku ya Krismasi ya 2010, mashariki mwa London, alifariki Kristy Bamu, mvulana wa miaka 15 mwenye asili ya Kongo aliyetoka Paris kumtembelea dada yake. Dada huyo na mpenzi wake walimtesa siku kadhaa, wakimtuhumu kwa kindoki, yaani uchawi. Tangu hapo mama huyu akisikia mtu anajisifu kwamba amemkemea mtoto pepo, tumbo humkata.

Nyumbani Tanzania hakuna fomu wala boksi. Kuna spika. Kuanzia Mbagala hadi Kinondoni ni mkesha, mafuta ya upako, jini mahaba, na ushuhuda wa mtu aliyetoka kuzimu juzi. Kijana wa Kipaimara hupewa jibu kabla swali halijamfika mdomoni, na akithubutu kuuliza, ana roho ya ukaidi. Wasichana wakianza kuanguka shuleni huitwa mchungaji, au shehe, au wote wawili, na hapo lazima apatikane jirani wa kusingiziwa.

Na mambo haya hayakuanza jana. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Shule ilipofungwa mwezi Machi, kicheko na vilio vilikuwa vimewapata 95 kati ya 159. Madaktari walichunguza, hawakukuta sumu wala vijidudu. Wakahitimisha kuwa ni mhemko ulioambukizana. Mama huyu amesoma Tanzania mpaka kidato cha sita. Habari za Kashasha alizisikia mara ya kwanza Reading.

Agosti iliyofuata mtoto alipelekwa likizo kwa mama mdogo, Rangi Tatu, akawa anasaidia dukani. Siku ya tatu droo ikapungua. Siku ya tano ikapungua tena. Binamu yake, naye wa Kipaimara, hakusita: chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa za duka, na mwenye mkono huo ni yule bibi wa nyumba ya pili anayenunua kiberiti kila jioni. Mama mdogo alikuwa na chupa ya mafuta ya upako ndani ya droo, hivyo habari za uchawi hazikuwa ngeni kwake. Hata hivyo aliuliza tu: "Umejuaje?" Kisha akatoa daftari, kila kilichouzwa kikaandikwa na kila chenji ikahesabiwa kwa sauti. Hazikupita siku mbili mwizi akajulikana. Mgeni wa Uingereza alikuwa akirudisha noti ya elfu kumi akidhani ni ya elfu mbili.

Mama mdogo hakumcheka wala hakuitupa chupa. "Mafuta yabaki," alisema, "na daftari libaki." Usiku ule akawasomea Matendo 19, jinsi wana wa Skewa walivyojifanya mabingwa wa kukemea pepo wakatimuliwa uchi, halafu agizo la Yohana kwamba roho zipimwe kwanza. Maswali yaliendelea mpaka umeme ukakatika, na baada ya hapo gizani. Kesho yake binamu alitumwa kwa bibi wa kiberiti kuomba radhi, maana maneno yalikwisha kumfikia.

Oktoba hii fomu imekuja tena, kurasa mbili zile zile. Mama ametia sahihi, na chini, kwenye nafasi ya maoni, ameandika ombi moja: swali la bibi na jini lirudishwe kwenye boksi, na safari hii lijibiwe.