Buloni Inayokatala

Katika garaji ya baba mdogo, hapa Lubumbashi, chombo cha kazi huchaguliwa kwanza kwa kitenzi. Fundi akitoka chini ya gari husema neno moja kati ya matatu: buloni inakatala, buloni imekufa kichwa, au buloni imekatika. Mgeni atadhani ni njia tatu za kulalamika. Mimi nimefanya kazi pale likizo tatu, daftari mfukoni, nikikusanya maneno ya ufundi kwa ajili ya zoezi la istilahi, na nimeona kwamba kila neno linaita vyombo vyake. Ukichukua kwa haraka chombo cha nguvu wakati buloni bado inakatala tu, utalifikia neno la tatu kabla ya saa sita mchana.

Tuanze na kukatala, ambako Kiswahili sanifu kinasema kukataa. Hapa kichwa cha buloni bado kina pembe zake zote sita. Kinachoshika ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, kwa hiyo hujaza njia za uzi kati ya buloni na ekru. Magari yanayotoka Ulaya hutufikia na ugonjwa huu tumboni, kwa sababu kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Dawa ya kwanza ni burashi ya waya, kusafisha uzi unaoonekana nje ili ekru isije ikakwama njiani. Ya pili ni mafuta mepesi ya kupenya. Mafuta mazito ya injini hubaki juu. Ya tatu ni kungoja, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, maana dereva wa teksi ameketi kwenye kreti kando yako na jioni anadaiwa hesabu ya siku na mwenye gari.

Ndipo tunafika kwenye kle. Vipimo vyake tunavitaja kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi ya Kiswahili: diz, duz, katorz, diset. Hizo ni namba za Toyota na ndugu zake wa Japani: 10, 12, 14, 17. Gari la Ulaya huleta pia 13, 16 na 18. Kle ya 13 huingia vizuri kwenye kichwa cha 12, na hapo ndipo hatari ilipo: inaingia, inacheza, halafu inakula pembe. Jambo lingine ni umbo la duyi, kile kikombe cha chuma kinachovaa kichwa cha buloni. Duyi yenye pembe kumi na mbili ndani huingia upesi mahali pembamba, lakini hushika karibu na ncha za pembe. Yenye pembe sita hukaa kwenye bapa za kichwa, kwa hiyo nguvu inagawanyika. Kwa buloni inayokatala, chukua ya sita.

Kisha mkono mrefu wa chuma. Usivalishe bomba kwenye ule mkono wenye meno ndani. Meno yatavunjika kabla ya kutu. Sukuma kidogo kufungua, rudisha kidogo kufunga, ongeza mafuta, rudia. Na hakikisha upande: kwenye malori fulani, ekru za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kwa kuzigeuza kulia, na mwenye nguvu asiyejua hilo anazidi kuzikaza.

Bunduki ya hewa hufanya kazi hii vizuri, kwa sababu hupiga mapigo mengi mafupi badala ya kuvuta tu. Inataka duyi nyeusi nene. Zile zinazong’aa zinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni. Inataka pia umeme wa kompresa, na umeme una siku zake. Moto wa gesi hausubiri umeme. Choma ekru, si buloni, ili ekru ndiyo itanuke. Ila karibu na tangi, mipira ya breki au mahali palipomwagika mafuta, moto haukaribishwi.

Buloni iliyokufa kichwa ni ile ambayo pembe zimeisha. Hapo tunashika koleo la kujifunga, au tunapunguza kichwa kwa tupa na kugongelea duyi ndogo zaidi, au tunachomelea ekru mpya juu yake. Joto la kuchomelea nalo husaidia kulegeza. Iliyokatika inataka mashine ya kutoboa, tundu la katikati kabisa, na kile chuma chenye uzi wa kinyume kinachoingia tunduni na kuvuta kipande. Chuma hicho ni kigumu sana. Kikikatikia ndani, ncha ya kawaida ya kutobolea haikiwezi tena, na gari hulala.

Kiangazi kilichopita fedha ilitosha kununua kitu kimoja. Fundi mmoja alitaka sanduku kubwa linalong’aa, lenye vipande vingi. Mwingine alitaka seti ya kutolea buloni zilizokatika. Baba mdogo akaniuliza daftari linasema nini. Tukalisoma pamoja: mara nyingi “imekufa kichwa” ilikuwa imetanguliwa na “inakatala” asubuhi ileile, kwenye vipimo vilevile vinne. Tukanunua duyi nne tu za pembe sita, nene, na mkono mmoja mrefu. Seti ya kutolea bado tunaazima kwa jirani, lakini safari za kwenda kwake zimepungua.

Orodha ya istilahi niliyoombwa chuoni ilitaka nomino: buloni ni bolti, ekru ni nati, kle ni spana. Nimeziandika zote. Lakini nimeongeza safu ya vitenzi, kwa sababu ndivyo vinavyomwambia fundi afanye nini na vinavyomwambia mteja angoje kwa muda gani. Yule dereva kwenye kreti haulizi jina la chombo. Anauliza, “Baba, inaendelea je?” Na akisikia “ingali inakatala,” hutulia, maana anajua kwamba hakuna kilichovunjika bado.