Tawa, Kabla ya London

Tulisafiri kutoka Mombasa hadi Tawa, Makueni, penye milima ya Mbooni, kumjulia hali binti yetu. Amehitimu sheria, naye anatumikia miezi 6 ya mafunzo kwa wakili mmoja wa pale. Alfajiri baridi ni kali. Buibui pekee halitoshi! Shauku yake ni London, aondoke sasa hivi. Lakini huko Uingereza, tangu 2021, mwenye shahada tupu hudaiwa mitihani iitwayo SQE pamoja na miaka 2 ya kazi. Aliyekwisha kuapishwa kuwa wakili kwao husamehewa miaka hiyo. Tulimweleza hayo baada ya Isha, chai ikipoa. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba tumwamshe mapema, asichelewe mahakamani.