Taa za usiku kule Ndosho

Juma hili tulipita Ndosho, mtaa wa Goma ulio upande wa barabara ya Sake. Tulifika jua likizama. Chini ni mawe meusi ya volkano, nyumba nyingi ni za mbao, na taa za njiani zimeshawaka. Wauza mandazi walikuwa hawajafunga. Mkiijua Goma ya giza, mtaelewa kwa nini tulisimama kutazama.

Umeme huo unatoka kwenye jua. Mtambo wa kampuni ya Nuru, wa megawati 1.3, ulianza kazi mwaka 2020. Lakini usiku taa zinakula kile betri zilichohifadhi mchana, kwa hiyo ampuli si jambo dogo. Ile ya zamani ya wati 60 inageuza karibu nguvu yote kuwa joto. LED ya wati 9 inatoa mwanga uleule. Ampuli nne za zamani kwa saa tano zinakula kilowati-saa 1.2, za LED, 0.18. Tofauti hiyo mama anaiona kwenye mita ya kulipia mbele.

Ila LED nyingine za sokoni ni udanganyifu. Zinapepesa, mtoto anayesoma anaumwa kichwa, na umeme ukipanda kidogo zinakufa. Someni boksi kabla ya kulipa: lumeni 800 kwa meza ya kusomea, volti 85 hadi 265. Halafu itundikeni chini, karibu na meza. Mbao nyeusi zinameza mwanga. Hata karatasi nyeupe ukutani inasaidia.