Buletini Iliyobaki Kabatini: Mabinti wa Walungu na Masomo ya Masista

Jamaa za Walungu zilizokimbilia Bukavu, Uvira au ng'ambo ya Ruzizi zinajua swali la kwanza la kila prefe: "Buletini iko wapi?" Nguo zilibaki, mbuzi walibaki, godoro lilibebwa na mwingine. Lakini mtoto haandikishwi kirahisi bila karatasi ile moja inayosema amemaliza kalasi gani na amepata asilimia ngapi. Kwa wazazi waliokuwa na binti katika shule ya masista, mara nyingi karatasi hiyo haikupotea njiani. Iko salama kabisa ndani ya kabati ya ofisi, pamoja na deni.

Kabla ya kulaumu mtu, ni vizuri kukumbuka sababu ya wazazi kupeleka mabinti kule. Si Kifaransa kizuri tu, wala sifa ya kusema "wangu anasoma kwa masista". Ni ukuta, na ni njia. Binti anayesoma kutoka nyumbani huko milimani huamka gizani, huchota maji, hufagia, halafu hutembea saa moja, pengine mbili, na kurudi jioni katika mvua. Njiani kuna wachimbaji wanaotoka Mukungwe na feza mfukoni, kuna vizuizi, kuna wenye silaha wa kila rangi. Watu wa Kaniola hawahitaji kuelezwa. Mwezi wa tano 2007 watu waliuawa kule usiku, na katika miaka ile wanawake na wasichana walichukuliwa kupelekwa porini, wengine wakarudi na mimba, wengine hawakurudi. Mzazi aliyepita katika miaka hiyo akiona mlango wa chuma unaofungwa saa kumi na mbili jioni, na sista mwenye ufunguo, haulizi kwanza bei.

Ndiyo maana hata wazazi wasio Wakatoliki wanakwenda. Kuna baba wa CEPAC au CELPA anayeimba Jumapili yote kanisani kwake, na binti yake Jumatatu asubuhi yuko kwenye misa ya shule. Anajua. Anasema Mungu ni mmoja, na kwamba huko binti analala usingizi.

Maisha ndani ya ukuta wasichana wenyewe huyasimulia kwa kucheka, lakini baadaye, wakiisha kumaliza. Kengele gizani. Maji ya baridi ya Walungu, na kila mtu wa Ngweshe anajua baridi hiyo katika mwezi wa saba. Nywele fupi, hakuna kusuka. Bleu-blanc iliyopigwa pasi. Bugali na maharage, kesho maharage na bugali. Mashi hairuhusiwi uwanjani, Kiswahili pia hapana, na mtoto aliyetoka shule ya kijijini bila Kifaransa cha kutosha hukaa wiki za kwanza kama bubu. Wengine hulia usiku chini ya blanketi, na walio kando yao hujifanya wamelala.

Halafu kitu kinabadilika. Msichana ambaye nyumbani masomo yake yalikuwa kazi ya mwisho, baada ya maji, kuni, sahani na mdogo wa mgongoni, sasa ana saa mbili kila jioni ambazo hakuna anayemwita. Hicho ndicho ambacho shule nyingine hazina. Anakaa mbele ya kitabu, na kazi yake ni hiyo tu. Akiwa katika pedagojia, kama wengi katika lise za wasichana, siku inafika anasimama mbele ya watoto wa primeri kufanya somo lake la majaribio, na mwalimu amekaa nyuma akiandika makosa. Mama mmoja wa upande wa Burhale aliyemwona binti yake siku hiyo kupitia dirishani alikuja kusema kwamba hakumtambua kwa sauti. Nyumbani alikuwa mtoto anayesema huku akitazama chini.

Sasa feza. Hapa wazazi wengi wanachanganya mambo, na shule nyingine hazijasaidia kuyafafanua. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa. Zikaharibika, na katika mwezi wa pili 1977 serikali na makanisa wakaandikiana mkataba: majengo na uongozi kwa kanisa, mishahara kwa serikali. Hizo ndizo shule za konvensheni. Serikali ikaacha kulipa vizuri, walimu wakagoma, na tangu miaka ya 1990 mzazi ndiye aliyeanza kumlipa mwalimu, kwa jina la "prime". Mwezi wa tisa 2019 rais Félix Tshisekedi akaanzisha masomo ya bure, lakini kwa primeri, na katika shule za umma, zikiwamo za konvensheni. Sekondari haikuingia. Na shule ya binafsi, hata ikiwa na msalaba juu ya mlango, haikuingia kabisa: ile inaishi kwa feza ya wazazi tu, kuanzia chaki mpaka mshahara wa mlinzi. Mzazi anayefika na kusema "rais alisema ni bure" anarudishwa kwa upole au bila upole, lakini anarudishwa.

Kwa hiyo mama wa Burhale alilipa kama wanavyolipa wamama wa Walungu. Alipika kasiksi na kuiuza soko la Mugogo. Ndizi zilipoguswa na ugonjwa wa mnyauko, akageukia maharage. Muhula mgumu mbuzi aliondoka. Mume wake alikuwa kwenye mashimo, akituma feza kwa simu siku alipopata, na siku nyingi hakupata. Walikuwa pia na mvulana anayemfuata yule binti kwa mwaka mmoja. Jamaa ya mume ilisema wazi: binti ataolewa, ataleta ng'ombe, basi asomeshwe mvulana. Mama hakubishana. Alimpeleka mvulana katika shule ya karibu, ambako malipo ni kidogo, akamwacha binti kwa masista, na kila mwaka alijibu kwa maneno yale yale: "Mwanaume anaweza kutembea njiani." Uamuzi wa namna hiyo unafanywa katika nyumba nyingi za Bushi bila mtu yeyote kuuandika, na kwa kawaida unakwenda upande mwingine.

Mwaka wa masomo 2024-2025 ulianza vizuri. Mwisho wa mwezi wa kwanza Goma ilianguka. Katikati ya mwezi wa pili kiwanja cha ndege cha Kavumu, halafu Bukavu. Mabanki yakafunga milango. Anayeishi mbali na huku anaweza kudhani banki ni jambo la watu wa mjini, lakini mshahara wa mwalimu ulipitia humo, na mwalimu ndiye aliyekuwa akinunua maharage ya yule mama kwa mkopo. Feza taslimu ikawa adimu, na wa kutuma kwa simu wakakata asilimia kubwa. Mapigano yakafika vilima vya Walungu. Shule zikatuma watoto nyumbani, zikawaita tena, zikawatuma tena. Mashimo yakabadilisha mabwana, na mume akanyamaza wiki nyingi.

Binti alifika nyumbani kwa miguu pamoja na wenzake watatu, amevaa viatu vya mwingine. Mwezi mmoja baadaye jamaa yote ilihama usiku, ikaishia Bukavu katika chumba cha shangazi, watu kumi na moja. Muhula wa pili haukuwa umelipwa. Wa tatu, wala usiseme.

Mama alipanda moto kurudi Walungu kutafuta buletini, zaidi ya kilometa 40 na vizuizi vyake, na kila kizuizi kina bei yake. Shule hiyo haitatajwa hapa, kwa sababu tabia hii ni ya shule nyingi, za dini zote na za wasio na dini. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti na maji. Halafu sista akafungua daftari, akamwonyesha mstari wake. "Mama, tunajua vita. Lakini tukitoa bila malipo, wote hawatalipa, na walimu watakula nini?" Mama akajibu: "Ma sere, mie sikatai deni. Nakatala mtoto kukaa." Alirudi mikono mitupu.

Sista hakusema uongo. Shule ya binafsi isiyolipwa mihula miwili inabaki na walimu wanaohesabu siku, na ni kweli pia kwamba wako wazazi waliotumia vita kama shuka la kujifunika, wenye maduka, waliokuwa na deni kabla ya risasi ya kwanza. Lakini buletini si kama kiti au godoro ambalo shule inaweza kulishika na kuliuza. Kabatini haizai hata franga moja. Binti anayekaa mwaka mzima bila kalasi, katika chumba cha watu kumi na moja, hamletei mama yake uwezo wa kulipa. Anamletea mchumba. Wasichana wa umri huo waliokuja Bukavu na Uvira wakakosa kalasi, majirani wanajua walikokwenda: wengine kuuza ndizi na maji, wengine kazi za nyumbani kwa watu, wengine kwa mwanaume mwenye chumba. Ule ukuta ambao mzazi alilipia miaka minne unabomoka kwa karatasi moja, na anayeushikilia ni yule yule aliyeujenga.

Yapo mambo ambayo wazazi walio katika hali hii wanaweza kuyafanya, na wengi hawaambiwi. Kila shule inayofuata sheria hutuma orodha ya matokeo ya mwisho wa mwaka, palmaresi, kwa wakaguzi na kwa ofisi ya elimu ya eneo. Kwa hiyo matokeo ya mtoto hayako kabatini kwa prefe peke yake. Mzazi anaweza kuuliza huko, akiwa na jina kamili la mtoto, kalasi na mwaka. Anaweza kuomba kwa maandishi kuandikiana deni: kiasi, tarehe za kulipa, sahihi mbili, na shahidi, kama padri wa parokia au mshauri wa kamati ya wazazi. Kuongea mdomo kunasahauliwa, karatasi haisahauliwi. Na shule inayopokea mtoto inaweza kumpima kwa mtihani mfupi ikampa nafasi ya muda huku karatasi zikitafutwa. Kwa wale walio Musenyi, Burundi, pia nakala ya buletini, hata picha yake katika simu, ni afadhali kuliko neno la mzazi peke yake. Anayeweza kupiga picha buletini za zamani leo, apige leo.

Mama wa Burhale alifanya ya pili. Barua aliiandika binti mwenyewe, kwa Kifaransa alichojifunzia kule kule, na mama akatia kidole. Padri mmoja aliibeba. Wiki tatu baadaye ilirudi nakala ya buletini, si ile ya asili, ikiwa na muhuri na maneno ya pembeni kwamba ya asili itatolewa deni likiisha. Shule ya Bukavu iliipokea. Binti ameingia ya tatu ya humanite pedagojia, na jioni anasomea kwenye ngazi za nje, kwa sababu ndani hakuna nafasi na shangazi anaokoa mwanga.

Deni bado liko. Mama ameanza kupeleka kidogo kidogo kwa mkono wa wasafiri, na kila mara anadai risiti. Mdogo wa kike wa binti huyo yuko kalasi ya sita, na ameshauliza mara mbili kama naye atakwenda kwa masista. Mara zote mbili mama alimtuma maji.