Nairobi ya Waendao kwa Miguu

Ukitaka kuijua Nairobi, teremka kwenye matatu utembee. Barabara ya Jogoo huamka kabla ya jogoo wenyewe. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi, misururu ya watu kutoka mitaa ya Eastlands huwa imejaa kandokando yake, wengine wakielekea mjini, wengine Eneo la Viwanda. Wengi wao hawafanyi mazoezi. Nauli ikilipwa asubuhi na jioni, nyumbani unga hukosekana.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini hawakuiona njia hii. Mara kijia kinakatika ghafla, mara mtaro hauna kifuniko, mara bodaboda inakupigia honi mgongoni. Ukikaribia soko la Burma, kisha Muthurwa, mikokoteni, wachuuzi na matatu hugombania nafasi ile ile. Mvua ikinyesha ni lazima uchague: tope au lami. Wapo waliochagua lami na hawakufika.

Si ajabu basi kwamba mwaka baada ya mwaka, waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa katika ajali za barabarani nchini Kenya. Mara nyingi husemwa kuwa walivuka ovyo. Lakini kasi ya gari ndiyo huamua nani atapona. Sheria yetu huruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Shirika la Afya Duniani linasema gari likitoka kasi hiyo hadi kilomita 65, hatari ya kumuua linayemgonga huongezeka mara nne na nusu. Ndiyo sababu tuta moja mbele ya shule laweza kuokoa watoto kuliko mahubiri mengi.

Ukishafika katikati ya jiji, pitia barabara ya Luthuli, iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini. Mwaka wa 2019 serikali ya kaunti, ikishirikiana na UN-Habitat, iliifanya ya magari kwenda upande mmoja tu na kuwapanulia watu njia ya kutembea. Hapakujengwa ghorofa wala daraja la mabilioni. Nafasi iligawanywa upya tu.

Barabara ya Jogoo nayo ina haki hiyo. Katika sera yake ya 2015, kaunti iliahidi kutenga angalau asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara kwa ajili ya watembeao na waendesha baiskeli. Mwakilishi wa wadi yako akija kuomba kura, muulize fedha hizo zimejenga nini mtaani kwenu.

Nawe dereva, simama kwenye kivuko cha punda milia. Ukishaegesha gari lako, wewe pia ni mwenda kwa miguu.