Rabi wa Kilima cha Nabugoye

Karibu na mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, kipo kilima kiitwacho Nabugoye. Hapo lipo sinagogi la Abayudaya, ambao wazee wao waliishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919, wakimfuata mkuu wao Semei Kakungulu. Ijumaa jua likichwa huiingia Sabato kwa Zaburi, za Kiganda na za Kiebrania.

Zamani za Idi Amin (1971–1979) dini hiyo ilikatazwa. Wengi wakaiacha, wachache wakasali kwa siri, wala hawakuwa na rabi wa kwao. Kwani rabi si kuhani: wakikusanyika watu wazima kumi, sala yao yatimia hata bila yeye.

Basi rabi ni wa kazi gani? Jina lake maana yake ni “mwalimu wangu.” Hufundisha Torati, huozesha, hutazama wagonjwa, huzika, hujibu waulizao chakula kilicho halali. Kwa ajili hiyo Gershom Sizomu, mzaliwa wa hapo, alikwenda kusoma Los Angeles, Marekani, akapewa urabi mwaka 2008, akarudi kwao. Kusali walijua, walimkosa wa kumwuliza.